Denmark Mbele ya Baba

Baba yangu ni mtu wa drafti, wa kijiweni kwetu Temeke, ubao wa mbao na vizibo vya soda. Sataranji aliiona mchezo wa wasio na kazi. Basi siku ya mchujo wa timu ya mkoa, pale Mwenge, alikuja kutazama na neno moja tu: "Ukifungwa leo, Jumatatu unaanza kazi kwa mjomba wako bandarini Kurasini. Sitaki maelezo." Mie nikaandike namba za makontena mpaka nizeeke? Nilikaa mezani.

Namna za kufungua mchezo wa sataranji zina majina ya mahali: Sisilia, London, Vienna. Temeke haimo, wametunyima. Mpinzani wangu, kaka mmoja mwenye tai, akanifungulia Denmark. Denmark ni mtego. Anakupa askari, kete ndogo ya mbele, bure, ukimla anakupa mwingine, na wakati unashughulika kula, mwenzako anajipanga kumfuata mfalme wako. Wa kwanza nilimla. Wa pili nikabaki namtazama, jasho linanitoka.

"Kula!" Ilikuwa sauti ya baba, katikati ya ukumbi uliokuwa kimya. "We mtoto, kula! Lazima ule!"

Yarabi toba! Kwenye drafti kete ikikaa ya kuliwa unakula, huna hiari, na kijiweni kila mtazamaji anapiga kelele anavyotaka. Kwenye sataranji mtazamaji hasemi kitu. Mwamuzi alimtoa baba nje, akaniambia likirudiwa nimepoteza mchezo. Watu wakacheka. Nilitamani kuwarushia ubao, maana huyo mnayemcheka ndiye aliyenifundisha kufikiri kabla sijagusa kete.

Nikila, kaka wa tai atasema nimesaidiwa, na mtego utakuwa umenasa. Nisipokula, nimemuumbua baba mbele ya watu. Nikamwacha yule askari, nikasukuma wangu katikati. Kaka akaacha kutabasamu. Tulibanana mpaka adhana ya adhuhuri, nikamfunga.

Nje nilimkuta baba kasimama juani, kivulini hataki.

"Ulikula?"

"Sikula, baba."

Akanikazia macho. "Na umeshinda?"

"Nimeshinda."

Akasonya. Akatoa simu, akampigia mjomba.

"Shemeji, hiyo Jumatatu tafuta mtu mwingine. Huyu ana kazi yake. Mie mwenyewe siielewi."