Godbless na Presha ya Baba Yake

"Shangazi, umenipeleka kupimwa kama ng'ombe wa mnadani, sasa unataka nimeze vidonge vya vibibi," Godbless alinilalamikia mbele ya mafundi wenzake, randa mkononi, nywele zimejaa maranda. "Presha ni ya watu wanaolipa ada za watoto. Mimi nina miaka ishirini na moja, sina hata mbuzi."

"Baba yako alikuwa na mbuzi wangapi siku aliyoanguka?"

"Baba alilogwa. Si wewe uliyesema?"

Hapo aliniziba mdomo, na mimi si mtu wa kuzibwa mdomo kirahisi. Muulize yeyote sokoni Pasua ninapouza ndizi.

Ni kweli nilisema. Ebenezeri, baba yake Godbless, alikuwa kaka yangu mkubwa. Siku hiyo kule kwetu mlimani, Masama, alikuwa akigombana na mdogo wetu Eliufoo kuhusu mpaka wa kihamba, shamba la migomba la baba, kwamba Eliufoo amesogeza masale, mimea ya mpakani, hatua tatu. Ebenezeri alifoka mpaka mishipa ya shingo ikasimama, damu ikamtoka puani, akaanguka migombani. Hakuiona jioni. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Kaburini, mchungaji bado ameshika kitabu, nikamnyooshea Eliufoo kidole: huyu amemuua kaka yetu kwa dawa. Eliufoo akasema polepole, "Yuditha, kaka alikuwa na presha. Hata baba alikufa hivi hivi." Nikatema mate chini. Tangu hapo hakuna aliyekunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa Eliufoo. Desemba ndugu wanapopanda wote mlimani, mbuzi akichinjwa, yeye alipelekewa fungu lake mlangoni kama mgeni, akala peke yake. Miaka kumi.

Godbless nilimchukua mimi, akiwa na miaka kumi na mmoja. Nilimlea Pasua, akajifunza useremala, na mkono wake ulikuwa mzuri. Milango aliyotengeneza haikuwahi kulia. Ila hasira ilikuwa ya Ebenezeri mtupu. Ukimwambia kitanda kimepinda, macho yanakuwa mekundu kabla hujamaliza.

Kupimwa kwenyewe kulikuwa hivi. Zahanati waliita vijana, wakawapima presha, kisha wakawatumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji ya barafu kwa dakika moja na kuwapima tena. Wenzake ilipanda kidogo ikashuka. Ya Godbless ilipanda ikakaa huko huko, mia na sabini na kitu. Walimpima tena siku mbili nyingine, ikawa bado juu hata bila barafu. Nesi akanivuta pembeni.

"Mama, kwenu nani mwingine alianguka ghafla?"

Nikahesabu. Babu. Baba. Ebenezeri. Kila jina nililotaja lilinirudisha kaburini.

"Iko kwenye damu yenu," nesi akasema. "Si kitu kimoja, ni vitu vidogo vingi mtoto anazaliwa navyo. Mwingine akishtuka au akikasirika mishipa inabana kisha inalegea. Ya kwenu inabana, inachelewa kulegea. Chumvi ikizidi na ugomvi ukizidi, moyo unachoka mapema. Sasa huyu anywe dawa kila siku, hata akijisikia mzima."

Godbless akanywa miezi miwili. Mafundi wakamwita Babu. "Babu, umeshameza? Babu, tukushike mkono uvuke barabara?" Akajisikia mzima, akaacha, asiniambie.

Mwezi wa tisa mteja wa mtaa wa Soweto alikuja kukataa kabati, eti mlango hauzibi. Walibishana kidogo tu. Godbless akashika kichwa, akakaa chini, na alipotaka kusema maneno hayakutoka. Upande wa kulia ulikuwa umekufa. Nilipokwenda kukusanya vifaa vyake nikakuta vidonge kwenye kopo la gundi, vya wiki tano.

Hospitali walimtoa baada ya siku kumi na saba, mdomo umepinda. Daktari akaniambia akiacha dawa tena, ijayo itamzika. Nyumbani kila asubuhi nikampa kidonge, akageukia ukuta. Mimi saa kumi na moja niko sokoni. Nani atakaa naye? Na nani atamwambia kuhusu presha akamsikia, kama si baba yake mdogo, aliyeitaja presha hii kabla yetu sote?

Nikapanda Masama. Nilikata jani la isale kwenye mpaka ule ule, nikalifunga fundo, nikalishika mbele yangu kama tunavyofanya tukiomba msamaha, maana isale halikataliwi. Eliufoo alikuwa anakatia ng'ombe majani. Akaliona, akaweka panga chini.

"Umechelewa, Yuditha."

"Nimechelewa. Nilikusingizia mbele ya watu, nitakuja kulifuta mbele ya watu."

Akalipokea. "Masale nilisogeza," akasema. "Hatua tatu, kaka hakukosea. Lakini sikumuua." Akaingia ndani, akatoka na kopo la vidonge. "Hivi nameza tangu mwaka tuliomzika. Nilitaka kukuambia ukapimwe na wewe. Nikajua utasema ndizo dawa zenyewe za kulogea."

"Ningesema."

"Ungesema." Akachomeka isale juu ya mlango wake. "Basi. Hunidai, sikudai. Mtoto yuko wapi?"

Kesho yake alishuka Pasua. Godbless alimtazama, akanitazama mimi, akageukia ukuta. Eliufoo hakumbembeleza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akameza kidonge chake kwanza bila maji, akakunja uso kwa uchungu.

"Kibaya," akasema. "Baba yako hakupewa hata kimoja."

Akaweka kingine kwenye kiganja cha kushoto cha Godbless, kile kinachofanya kazi. Akakitia mdomoni, nikampa kikombe. Maji yakamwagikia shingoni, lakini alimeza.