Gari Lililosikia Maiti

Usimcheke mtu anayebeba maiti kwa gari lenye milia ya pundamilia. Callistus Eriaku wa Amukura hakuzaliwa akiota kazi hiyo. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa watalii. Aliwachukua Nairobi, akawapeleka Mara kuona simba, kisha akawavusha hapa Malaba waende Uganda kutazama sokwe. Alikuwa na shati la kaki lililopigwa pasi, na akifika mpakani maajenti wa forodha walimwita boss. Mama yake aliwaambia wanawake wa sokoni kwamba mwanawe anakula meza moja na Wazungu. Ilikuwa kweli, ila ilitokea mara moja tu.

Kisha korona ikaja, watalii wakakatika. Kampuni ikasema subirini, watu wakasubiri. Walirudi wachache, kampuni ikachechemea, halafu vurugu zikazuka mijini, wageni wakafuta safari tena, na mwenye kampuni akashika kichwa. Mishahara hakuwa nayo. Akampa Eriaku gari moja kuukuu, lile la paa la kuinuka na milia ubavuni, akamwambia, "Chukua hii, ndugu yangu, tusidaiane." Haya. Ukipewa ng'ombe mzee badala ya jasho lako, utamkataa uende na nini? Eriaku akalipeleka nyumbani.

Sasa niambie, gari la watalii litafanya kazi gani Malaba? Hapa malori yamejipanga mpaka huoni mwisho, na bodaboda inabeba kila kitu, hata kabati. Alijaribu mayai kutoka ng'ambo ya mpaka, barabara ikayavunja. Alijaribu mananasi, yakaozea ndani. Mkewe akaanza kukaanga mandazi mbele ya nyumba, na kuna jioni ambapo mandazi yaliyokosa mnunuzi ndiyo yalikuwa chakula. Ndipo jirani akafiwa Eldoret, akakosa gari la kumleta mtu wake, na Eriaku akang'oa viti vya nyuma.

Jeneza liliingia bila shida. Tena paa likiinuliwa, waombolezaji walisimama vichwa nje, wakaimba njia nzima, palepale Wazungu walipokuwa wakisimama na kamera zao. Watu walipenda sana. Bei yake ilikuwa nafuu, na kuimba ukipigwa na upepo si sawa na kuimba umebanwa. Kazi ikaanza kupatikana.

Ubaya ulikuwa pampu ya mafuta. Gari likienda mwendo mrefu juani, pampu inapata moto, injini inazima kimya, na hata ufanye nini haiwaki. Ukiiacha ipoe, nusu saa au zaidi kidogo, inawaka kama hakukuwa na neno. Fundi alimwambia mapema, "Mzee, hii nunua nyingine." Bei ya pampu ilikuwa sawa na karo ya binti yake. Akalipa karo.

Siku ya kwanza lilipozima na maiti ndani, alikuwa amembeba bibi kizee wa Bukhayo. Eriaku alifungua mdomo aombe radhi. Kabla hajasema, wanawake walishashuka. Huku kwetu hakuna asiyejua: gari la maiti likikataa kwenda, si gari, ni marehemu amekataa. Ana neno. Wakalizunguka jeneza, wakambembeleza, "Mama, twende nyumbani. Kama tumekukosea, tusamehe. Wajukuu wanakungoja." Kifungua mimba wake akaungama akilia kwamba alipitisha mwaka mzima bila kumtembelea. Kisha mmoja akasema, "Dereva, jaribu." Likawaka. Walipofika walimpa Eriaku jogoo juu ya malipo yake, naye akala jogoo na kunyamaza.

Habari zikatembea Busia hadi Adungosi: gari la Eriaku linasikia marehemu. Magari mengine yanaburuta tu, hili linamsikiliza mtu. Lilizima tena mara mbili tatu, na kila mara ndugu waliokosana walipatanishwa pale barabarani, wakashikana mikono mbele ya jeneza. Eriaku akaanza kujiambia kwamba hakuna aliyeumia, pengine hata ni baraka. Njaa ni wakili hodari, haikosi hoja. Pesa ya pampu ilipopatikana ilikwenda kwingine. Usiniambie hakujua. Alijua vizuri sana.

Mwezi wa pili, jua likiwa kali, alipigiwa simu na mama mmoja wa Adungosi aitwaye Christine. Kaka yake, Ongodia, alikuwa amefia hospitali Kisumu. Eriaku alimfahamu. Ongodia alikuwa mpishi wa hoteli ya watalii kule Mara, na alikuwa akiwawekea madereva minofu jikoni. Hoteli ilipofungwa alirudi nyumbani na ugonjwa wa sukari na visu vyake vya upishi. Visu akaviuza. Mkewe, Mercyline, alifua nguo za watu na kulima vibarua ili amnunulie dawa na kulisha watoto wao wawili. Siku nyingine ilipatikana, siku nyingine haikupatikana, na mwishowe mwili wa Ongodia ukashindwa.

Mochari ilichelewa kuwapa mwili. Walipofika Busia jua lilikuwa utosini, na walipoipita Alupe kidogo, injini ikazima.

Nyimbo zikakoma, watu wakashuka. Lakini Christine hakubembeleza jeneza. Alikwenda moja kwa moja akasimama mbele ya mjane.

"Kaka yangu hataingia nyumbani wewe ukiwa umenyamaza," alisema. "Sema ulichomfanyia."

"Sijamfanyia kitu, dada," Mercyline alisema.

"Basi mbona amekataa?"

Baba mdogo wa marehemu, mzee ambaye shamba lake linapakana na la Ongodia, akasogea akamwambia kwa upole, "Binti yangu, jua ni kali, mwili utaharibika. Sema tu, mtu wetu apumzike." Upole ule ulikuwa mbaya kuliko makelele.

Eriaku alikuwa amekaa kwenye usukani. Maneno yalikuwa mawili tu: ni pampu. Yalimfika kwenye ulimi, akayameza. Malipo yaliyobaki angepewa wakifika. Binti yake alikuwa amerudishwa nyumbani tena kwa ajili ya karo. Na akisema pampu leo, watu wa Bukhayo watauliza kuhusu yule bibi yao, na nani atamwita tena? Akajiambia angoje ipoe. Likiwaka mapema yataisha yenyewe, hakutakuwa na haja ya kusema chochote.

Malori yalipita, mataniboi, wasaidizi wa madereva, wakachungulia. Watoto wa marehemu walikaa kwenye kivuli cha gari wakimtazama mama yao akiulizwa, akiulizwa tena. Eriaku alilijua gari lake. Alipohisi kwamba pampu imepoa, alishika ufunguo.

Christine akainua mkono. "Ngoja, dereva. Aseme kwanza."

Eriaku akangoja. Hilo ndilo mimi simsamehe. Mengine yote naweza kumwelewa, mtu ana watoto. Lakini mkono ulikuwa kwenye ufunguo, na akangoja.

"Kuna siku nilikuwa na pesa ya dawa," Mercyline alisema hatimaye. "Nikanunua unga. Watoto hawakuwa wamekula."

"Si hilo," Christine alisema. "Hilo lisingemfanya akatae. Sema yote."

Mercyline aliwatazama watoto wake, akalitazama jeneza. Alikuwa amesimama juani tangu gari lizime, hata maji hakupewa. Akasema kwa sauti ya mtu anayetaka tu kuachwa, "Nilimnyima dawa. Nilikuwa nimechoka naye. Nilitaka afe."

"Dereva," mzee alisema, "washa."

Likawaka.

Hakuna aliyepiga kelele. Christine alikaa chini kwenye lami akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, maana alimpenda kaka yake. Kisha watu wakapanda. Mercyline hakupandishwa. Walimtolea mkoba wake dirishani, watoto wakabaki ndani na watu wa baba yao, na Eriaku akaendesha. Mjane hakumwona mumewe akiteremshwa kaburini. Dereva alipewa wali na nyama, akalipwa malipo yake yote.

Pampu aliinunua wiki ileile. Basi, ilimsaidia nini? Hakulala. Mwishowe, mvua za kupandia zikiwa zimepita, akaifunga ile ya zamani kwenye gazeti, akaipeleka kwa baba mdogo wa marehemu, akamweleza kila kitu, hata jogoo hakumficha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akammiminia chai.

"Eriaku, sote tulikuwa pale," alisema. "Alikiri, likawaka. Na kama ilikuwa pampu, si ungesema siku ile?"

Eriaku alikunywa chai yake. Nje, mahindi ya mzee yalikuwa yamevuka mpaka wa shamba, yamefika hadi mlangoni pa nyumba ya Ongodia.

Ikabaki kumtafuta Mercyline mwenyewe. Alimkuta Busia, nyuma ya ghala la nafaka, akichambua maharagwe pamoja na wanawake wengine. Akamwita pembeni. Akamwambia habari za pampu, na kwamba yuko tayari kwenda naye kwa chifu, aape mbele ya watu wote, hata kama wanaompa kazi watamkimbia. Alitarajia matusi, na pengine aliyataka.

Mercyline alimsikiliza huku akiwa na maharagwe kwenye kiganja, akitoa mawe.

"Asante kwa kuja, mzee," alisema. "Lakini nilipokubali, liliwaka."

"Mama, ni pampu. Nakuapia kwa mtoto wangu. Ungetaja hata jina la mbuzi, lingewaka."

"Nimekusikia." Alitupa jiwe moja. "Ile siku ya unga, nilisimama dukani na pesa mkononi muda mrefu. Usiku wake alikuwa ameniamsha nimpe maji, nikaamka, akaniamsha tena. Nilikuwa nimechoka, mzee. Nakumbuka nilivyochoka. Nalala nikijiuliza nilikuwa nawaza nini pale dukani, na kila nikijiuliza naona ni kweli. Naona nilitaka afe."

"Hukutaka."

"Wewe utajuaje?" Mercyline alisema, na hakuwa na hasira hata kidogo. Akamuuliza kama watoto wanakula, Eriaku akasema hajui, naye akarudi kukaa na wenzake.