Fundi wa Sauti ya Sarafu

"Mama, mdogo wako si ndiye anayetengeneza zile mashine za kamari? Mbona naye anacheza?" jirani aliniuliza siku moja tukianika nguo. Nikaenda kumuuliza mwenyewe.

"Dada, ukibonyeza tu, kompyuta ya ndani imeshakata shauri," alinieleza. "Zile picha kuzunguka ni mapambo. Mbili zikilingana na ya tatu ikapita kidogo, mtu anaona alikaribia. Hakukaribia chochote."

"Na zile sarafu zinazosikika zikimwagika?"

"Hazipo. Ni spika, niliifunga mimi."

Spika hiyo iliwahi kufa, wachezaji wakaikimbia mashine wakidai ina nuksi, ingawa ilitoa ushindi kama kawaida. Alipoitengeneza walirudi wakimshukuru kwa kuwafungulia bahati. Aliwacheka mpaka akafuta machozi, Mungu amsamehe.

Jumamosi, siku yake ya mapumziko, mkewe alimkuta ameketi mbele ya mashine ile ile. Akamwambia akimkuta tena atarudi kwao. Jioni ndugu yangu alikuja kwangu, ametulia kama maji mtungini.

"Dada," alisema, "ile spika naijua, lakini nikiikumbuka miguu inakwenda yenyewe. Jumamosi ijayo njoo unifungie mlango kwa nje."