Chungwa la Saa Nne Juu ya Paa

Tulimwita Mzee Bomba, naye aliitika kwa fahari kama mtu aliyepewa cheo. Alikuwa fundi wa kikundi chetu cha utafiti wa kemia ya angahewa pale chuoni, na kazi yake ilikuwa kulitunza bomba la chuma lililosimama juu ya paa, likinyonya hewa na kuishusha kwenye mashine. Profesa alikuwa na shahada zake, sisi wanafunzi tulikuwa na maneno mengi, lakini bomba likiziba wote tulimkimbilia yeye.

"Haya, wasomi," alikuwa akisema huku akipangusa mikono kwenye koti lake la buluu. "Hewa yenyewe ya bure, na bado imewashinda."

Siku hizi mkuu wa kikundi hicho ni mimi. Nina mashine zinazojisafisha zenyewe na wanafunzi wanaonisalimia macho yakiwa kwenye simu. Jamani, nalikumbuka lile paa! Nazikumbuka zile ndoo mbili tulizogeuza viti. Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, nilipanda kumsaidia kubadilisha vichujio. Tukimaliza, Mzee Bomba alitoa chungwa mfukoni, akalimenya kwa kisu, akaligawa: nusu yake, nusu yangu.

"Kula, daktari," aliniambia, na udaktari wenyewe ulikuwa bado ndoto. "Tumbo tupu halina akili."

Mlangoni palikuwa na kibandiko kinachokataza kula juu ya paa. Tulikipita kila siku mpaka tukakizoea.

Utafiti wangu ulihusu harufu ambazo miti ya mjini huzitoa hewani. Baada ya miezi saba nikaona ajabu: saa nne na dakika kadhaa, mstari kwenye skrini ulipanda ghafla, ukafanya kilima, kisha ukashuka. Karibu nipige vigelegele. Miti inafuata saa! Niliandika sura mbili nzima za tasnifu juu ya kilima hicho, nikaanza kutembea kwa maringo. Kwamba Jumapili miti hiyo nayo ilipumzika, sikujiuliza. Mapenzi ni upofu, hata ukipenda chati.

Asubuhi ya siku niliyopangiwa kuwasilisha mbele ya idara, Mzee Bomba akaniita kwenye chumba cha mashine. Uso ulikuwa umemshuka.

"Kaa hapo, utazame skrini," akasema, akapanda juu.

Haikupita dakika mbili, mstari ukapanda. Kilima kilekile. Aliporudi alikuwa na maganda ya chungwa mkononi. Harufu ya ganda la chungwa ina kemikali ileile niliyokuwa naipima kwenye miti, na mimi mwanakemia mzima nilifundishwa hilo mwaka wa kwanza!

"Mwanangu, si miti," akasema. "Ni sisi."

Nililia, kisha nikamfokea. "Si ungenyamaza tu! Nani angejua?"

"Ningejua mimi," akajibu. "Kesho ningelitazama lile bomba kwa uso gani?"

Basi nikaingia ukumbini nikasema ukweli, lakini nusu. Nilisema kilima kilitokana na machungwa yaliyoliwa kando ya bomba. Profesa akavua miwani. Mwaka uliotangulia alikuwa amemfukuza fundi mwingine kwa sababu ya sigara moja tu kule juu, na mwanafunzi aliyevuta naye akanyang'anywa ufadhili. Ukumbi mzima ulilijua hilo.

"Nani alikuwa anakula?" akauliza.

Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu, niliufungua. Sauti haikutoka.

Mzee Bomba akasimama kule nyuma. "Mimi, Profesa."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Huyu binti machungwa yanamuumiza tumbo."

Watu wakacheka. Mimi nikainamia karatasi zangu. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Ijumaa ya wiki ileile alirudisha funguo.

Tasnifu niliiandika upya kwa mwaka mzima. Nilipofaulu nilimfuata nyumbani, nikamkuta anatengeneza feni ya jirani. Nilikwenda kumwomba radhi, lakini akanitangulia.

"Daktari kamili sasa! Haya, ukitoa machungwa, miti ilisema nini?"

"Kidogo sana, mzee."

"Basi hicho kidogo ni chao kweli," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Radhi nikaiweka siku nyingine. Siku hiyo nayo nikaiahirisha tena, ikawa miaka ishirini na mitatu.

Alifariki mwezi uliopita. Kwenye mazishi, binti yake mkubwa alinishika mikono yote miwili mbele ya waombolezaji.

"Baba alikutaja mpaka mwisho," akasema. "Alikuwa akituambia, mkitaka kumwona mtu asiyeogopa kusema ukweli, katazameni yule."

Nafasi ilikuwa hiyo, tena mbele ya watu. Nikasema asante, nikaenda kukaa.