Dirisha Nililolivisha Pazia Jeupe

Nilikosa mimi. Sikuwa nimelewa, sikushawishiwa na mtu, na shetani sitamsingizia. Nilikuwa mtu mzima, nimemaliza sekondari, najua kusoma. Na kusoma huko ndiko kulikonitia wazimu!

Leo ni mzee. Hapa Mwanga, jirani na Ujiji, vijana wananiamkia shikamoo kwa heshima, nami naitikia marahaba huku nikisema moyoni, laiti mngejua mnamwamkia nani. Jambo hili sijawahi kulisema lote kwa mtu yeyote. Nakwambia wewe kwa sababu hunioni uso.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa karani wa ghala. Sikunywa pombe wala sikucheza bao. Starehe yangu ilikuwa riwaya za mapenzi za zamani, zile za majumba ya Ulaya, nilizozinunua sokoni zikiwa zimeshapoteza majalada. Bwana juu ya farasi, binti wa gauni refu, mishumaa mezani, mapazia meupe yanapepea. Kaskazini mwa ziwa, upande wa Burundi, watu walikuwa wanauana. Boti zilishusha watu ufukweni Kibirizi kila kukicha, wengine hawana hata viatu. Na mimi nawaza mapazia!

Ndipo nikakutana na Spesiyoza.

Alikuwa akianika dagaa pale mwaloni, penye boti za wavuvi, kwa mama mmoja mfanyabiashara aliyempa hifadhi. Mimi ni Muha, na Kiha chetu na Kirundi chao vinasikilizana, kwa hiyo maneno hayakutupa shida. Nilinunua dagaa mpaka nikaanza kuwagawia majirani. Siku moja akaniambia, "Karani, wewe una paka wangapi?" Nikajua ameshanielewa.

Nilipotaka kumwoa, hapakuwa na baba wa kupelekewa posa. Akajisemea mwenyewe.

"Mahari yangu ni dirisha lako la mbele."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanieleza. Yeye na mama yake walikimbia pamoja. Mama hakujua kusoma, na Kiswahili hakukijua kabisa. Kabla ya kutoka nyumbani, yule mama alikipasua kitenge chake vipande viwili, kimoja chake, kimoja cha binti. Kilikuwa cha njano chenye ndege wakubwa wa bluu. Wakiachana njiani, atakayetangulia kufika akitundike panapoonekana na mtu atokaye ziwani. Kikiwepo, nipo. Kikiondolewa, nimeshahama, usinitafute tena hapo.

Na kweli waliachana. Watu waligombania boti, yeye akasukumwa ndani, mama akabaki ufukweni.

Nyumba yangu ilikuwa kando ya barabara ipandayo kutoka Kibirizi, na dirisha la mbele lilitazama huko. Nikampa mkono. Nikamwambia dirisha ni lako, milele.

Milele! Mdomo wangu huu!

Akakitundika. Kilikuwa kimepauka, upande uliopasuliwa unaning'iniza nyuzi, na doa la mawese katikati ya ndege mmoja. Mtaani wakaanza kuelekezana kwacho, "Ukifika kwa ndege, kata kushoto." Kila jioni Spesiyoza alikinyoosha kwa kiganja, akasimama kidogo akitazama barabara.

Mwanzoni nilimhurumia. Baadaye nikaanza kuona aibu. Wenzangu wa ofisini wakija, mmoja alikuwa akiniuliza, "Karani mzima, umekosa pazia?" Halafu ikaja sumu yenyewe. Katika riwaya zangu, mwanamke anayesimama dirishani anamngoja mwanamume. Sikusoma hata moja ambamo anamngoja mama yake. Nikaanza kujiuliza, ni mama kweli?

Ndugu yangu, nilikionea wivu kitambaa!

Wakati huo nikapata gazeti la akina mama lenye kurasa za mapambo, namna ya kuifanya nyumba yako ifanane na nyumba za kwenye riwaya za mapenzi. Pazia jeupe la lesi. Chandarua kilichokusanywa kwa utepe juu ya kitanda. Waridi za plastiki, mishumaa ndani ya bilauri. Na mto wenye umbo la moyo. Nilizitazama kurasa zile kama mtu aliyeonyeshwa bustani ya peponi.

Spesiyoza akaondoka na akina mama wa kanisani kwenda kambini, kumtafuta mama yake kati ya waliopelekwa huko. Alinishika mkono mlangoni akasema, "Kitenge kisiguswe. Hata kikichafuka, usikifue." Nikamwambia nenda kwa amani.

Hakuwa hata amefika huko, mimi nimeshakitungua, nikatundika lesi nyeupe mahali pake.

Nilikipeleka kwa fundi cherehani wangu, mzee mmoja mcheshi wa Ujiji. Nikamwambia anishonee mto wa moyo kwa satini nyekundu, na kitenge hiki akikate vipande avitie ndani kama sufi. Nilijiona mwerevu. Sikukitupa, si ndivyo? Nimekihifadhi ndani ya mapenzi yetu!

Fundi akashika mkasi akanitazama juu ya miwani. "Moyo? Sasa mkilala, bwana karani, nani ataweka kichwa kwenye ile ncha?"

Tukacheka. Mkasi ukapita kwenye ndege. Hata sasa nausikia.

Siku niliyokwenda kuuchukua mto ule nilikaa sana pale kwa fundi, tunataniana, nangoja amalizie kushona ukingo. Nilikaa kule wakati sipaswi kuwa kokote isipokuwa nyumbani kwangu. Hilo nililijua baadaye.

Spesiyoza akarudi. Hakumpata mama. Miguu imejaa vumbi jekundu, macho yamechoka. Nikamwambia fumba macho. Nikamshika mabega nikamwingiza ndani. Nikamwambia fumbua.

Hakutazama kitanda, wala waridi, wala mishumaa. Alitazama dirisha.

"Kiko wapi?"

Nikamwekea mto mikononi. "Kimo humu," nikasema, natabasamu. "Sasa utakilalia kila siku."

Alikuwa bado ameushika, jirani yetu akaingia kuangalia mapambo. Alikuwa mke wa mtumishi wa serikali, wamehamishiwa kwetu kutoka Tanga, mwanamke mwema asiyejua Kiha wala Kirundi.

"Shemeji, umefanya kweli!" akasema. "Nyumba imekuwa ya bwana harusi! Lakini juzi alipita bibi mmoja hapa, maskini, wewe ulikuwa umetoka. Ana kipande cha kitenge kama kile chenu, ndege wale wale! Watu wa huko chini walikitambua, wakamwelekeza hapa. Ananionyesha kitambaa, ananionyesha dirisha. Mimi lugha yake siijui. Nikamfanyia hivi kwa mkono, kwamba kilikuwepo, kimeondolewa."

Akaufanya tena ule mkono. Kutungua, halafu kufagia hewani.

"Akafanya nini?" Spesiyoza akauliza. Sauti haikuwa yake.

"Alilishika lile pazia kidogo kwa nje. Akaketi pale kwenye ngazi, akanywa maji niliyompa. Halafu akashuka zake."

"Mawe!" Yaani mama yangu, kwa Kirundi. Spesiyoza alimwita mara moja tu, kwa sauti ambayo sitaki kuieleza, akatoka mbio na mto ule mkononi. Nikamfuata. Watu njiani wakacheka, mke anakimbia na moyo mwekundu, mume nyuma yake na viatu vya ofisini. Walidhani tumegombana.

Kule Kibirizi, yule mama wa dagaa alituona akajishika kichwa. Naye alikuwa safarini siku bibi alipopita, lakini mwanamke mmoja kati ya waanikaji wake, Mrundi aliyefika karibuni asiyemjua Spesiyoza, alizungumza na bibi. Alimsihi angoje. Bibi akamjibu kwamba walishakubaliana na mwanawe, kikiondolewa amehama, na mwanawe si mtu wa kukosea jambo kama hilo. Akasema, "Kama amehama, mimi nabaki kwa nani? Nikafie kwetu." Akapanda boti iliyokuwa inarudi kaskazini.

Kurudi kule, wakati ule!

Nilisimama kwenye mchanga wa dagaa sina la kufanya. Nikamwuliza mwenye boti mmoja kama anaweza kutupeleka. Alinitazama kama anayemtazama mtoto mjinga. "Bwana, huko wanakotoka watu, wewe unataka kwenda?" Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Spesiyoza alikaa chini akaanza kuukata ule mto kwa meno.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alivishona vipande vile kimoja kimoja, ndege mbawa huku kichwa kule, akakitundika upya juu ya lesi yangu. Aliishi nami miaka, akanipikia, akaniuguza nilipougua. Lakini hakunyoosha tena mkono kunishika. Nikimwomba msamaha alikuwa akijibu, "Chakula kinapoa."

Tuliuliza kila aliyeshuka kutoka huko. Hakuna aliyejua. Amani iliporudi kwao, alikikunja kile kitenge akaenda kumtafuta. Nilimsindikiza mpaka kwenye boti. Nikamwuliza atarudi lini. Akasema, "Nikimpata." Sijamwona tena.

Wewe unayesoma, hasa kijana unayetaka kupendezesha nyumba kwa ajili ya mwenzako: pendezesha. Mimi si adui wa mapazia. Lakini kabla hujaondoa kitu cha mwenzako ukutani au dirishani kwa sababu ni kibaya, mwulize, na akishakujibu, mwamini! Mimi niliambiwa. Nilikubali kwa mdomo, nikaoa kwa ahadi hiyo, kisha nikaamini vitabu.

Lesi niliiondoa. Ndani ya ule moyo wa satini, kwenye ncha ile aliyoicheka fundi, nilikuta kipande kidogo kilichosahaulika, kichwa cha ndege mmoja na jicho lake. Nimekitundika dirishani. Kipo mpaka leo.

Kipo, nami nipo. Lakini mimi sikukubaliana na mtu yeyote aje kunitafuta.