Mama Muli Aanguka Mara Nne

Kanisa moja dogo la Kalamba lilipopewa pikapu na mwana wa kijiji anayeishi ng'ambo, furaha ilidumu wiki mbili. Wiki ya tatu dereva wake alipata kazi mjini Malili, akaaga, na pikapu likabaki kando ya jiko la akina mama, kuku wakitaga chini yake.

Jumapili iliyofuata Kalunde, ambaye wote humwita Mama Muli, alisimama ibadani. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mkulima wa ndengu, shemasi kwa miaka ishirini, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Nitaliendesha mimi," alisema. "Naenda mjini Wote kusoma udereva. Mniombee."

Wakampigia makofi, wakamwekea mikono. Shida ni kwamba mtu akiombewa hadharani, jibu nalo husubiriwa hadharani.

Mtihani wa kwanza ulimshinda mezani, kwenye ubao wa barabara za kuchorwa, ambapo mtahiniwa huonyesha sheria za barabarani kwa kigari cha kuchezea. Wa pili ulimshinda mlimani. Alisimamisha gari katikati ya mwinuko kama alivyoagizwa, akaachilia klachi haraka, injini ikazima, gari likaanza kurudi kinyumenyume. Wa tatu, mlima tena. Kila aliporudi, wanawake wa sokoni waliuliza, "Mama Muli, tupige vigelegele?"

"Wekeni kwanza," alijibu.

Mzee Musyimi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alimfuata shambani.

"Sitaki kukuvunja moyo, Mama Muli. Lakini hii mara tatu, si Mungu anakuambia kitu?"

"Ananiambia nini, mzee?"

"Labda gari si yako."

Mzee alipokwenda zake, Kalunde alikaa chini kati ya mistari ya ndengu, akalia. Kwa miaka ishirini yeye ndiye aliyekwenda kwa waliofiwa, waliokosa mvua, waliofutwa kazi, akawaambia, "Usijali, Mungu atajibu," kisha akakaza kitenge chake na kwenda nyumba nyingine. Sasa alipojiambia maneno yaleyale, yalikuwa makavu kama maganda ya ndengu.

"Bwana," aliomba, "kama si yangu, niambie mwenyewe. Usimtume Musyimi."

Akaenda mara ya nne. Mlima ukamshinda tena.

Aliketi kwenye benchi nje ya uwanja wa mtihani, mkoba mapajani, akitafuta maneno atakayowaambia watu wa Kalamba. Kando yake msichana aliyevaa buibui alikuwa akilia kwa kwikwi. Jina lake Zulekha, binti wa muuza nguo pale mjini, naye alikuwa ameanguka mara ya pili. Kalunde alifungua mdomo aseme Mungu atajibu, lakini neno halikutoka. Akasogea tu, akamshika mkono, wakakaa hivyo muda mrefu.

"Na wewe mama," Zulekha aliuliza mwishowe, "umeanguka mara ngapi?"

"Nne."

"Nne? Na bado unakuja?"

"Nne, mwanangu. Na kanisa lote linajua."

Zulekha aliangua kicheko, machozi bado yakimtiririka. "Basi mimi hata sijaanza!"

Wakacheka wote wawili mpaka walinzi wakageuka kuwatazama.

Njiani kurudi, nyuma ya pikipiki, Kalunde alijiuliza ni lini mtu yeyote aliyefarijiwa naye aliwahi kucheka hivyo. Hakukumbuka hata mmoja. Alikuwa akiwapa watu faraja kama anayempitishia jirani chakula juu ya ua. Leo hakuwa na chochote ila kuanguka kwake, na kulitosha. Akamfikiria Yesu, aliyetoka mbinguni akachoka, akaona njaa, akakataliwa na watu wa kwao.

"Ndiyo maana alishuka!" alisema kwa sauti.

"Nani ameshuka, mama?" mwendeshaji aliuliza kwa wasiwasi, akipunguza mwendo.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama. "Bwana asifiwe. Nimeanguka mara ya nne."

Hakuna aliyejua kama aseme amina.

"Si ati kuanguka ni tamu. Ni chungu. Lakini nimempata Yesu huko chini, na mimi nilikuwa nikimtafuta juu tu. Na wale niliowaambia 'usijali' na sikukaa hata kidogo, mnisamehe."

Mwanamke mmoja, Mbula, akainuka. "Kijana wangu hayuko chuo," alisema. "Hakupita mtihani. Yuko nyumbani, na nimewadanganya mwaka mzima." Jirani yake, Kyule, akasema kisima alichochimba miezi minne kimetoa mchanga mtupu. Ibada ilikwisha saa nane, na hakuna aliyelalamika. Ijumaa yake wanaume sita walikwenda na majembe kwa Kyule.

Jioni ya Jumapili hiyohiyo, Mzee Musyimi alibisha kwa Kalunde, kofia mkononi.

"Mama Muli, nilikosea. Mimi niliendesha lori nikiwa kijana. Nikaiangusha. Sikushika usukani tena, na sijawahi kuambia mtu. Ile siku shambani, ni uoga wangu ulikuwa ukiongea." Akavaa kofia yake. "Kuja nikufundishe mlima."

Wakafukuza kuku, wakaliwasha pikapu. Kwenye mwinuko nyuma ya kanisa mzee alimfundisha kutumia masikio. "Usiangalie mguu. Sikiza injini. Sauti ikishuka kidogo, hapo ndio uachilie breki ya mkono." Mara kumi likazima. Mara ya kumi na moja likapanda.

Siku ya mtihani wa tano, katikati ya mwinuko wa Wote, Kalunde alinyamaza kabisa, akasikiliza. Sauti ikashuka. Akaachilia breki. Gari likapanda polepole bila kurudi hata inchi moja, na mtahini, bila kuinua macho, akaandika: amepita. Zulekha, aliyepita asubuhi ileile, alipiga vigelegele mpaka polisi wa kizuizi cha barabarani wakasikia.

Leseni ilipotoka, aliingia sokoni Kalamba akipiga honi, Mzee Musyimi kando yake amekaa wima kama bwana harusi. Wanawake waliacha nyanya na ndengu zao wakakimbilia barabarani, vigelegele vikapaa. Wengine walikwisha kupanda nyuma kabla hajasimama vizuri, kwa maana Mbumbuni kulikuwa na mama mgonjwa wa kutembelewa.

"Mmeshika?" Kalunde aliuliza dirishani.

"Tumeshika, Mama Muli!"

Akatia gia ya kwanza, wimbo ukaanza nyuma, na pikapu likaukabili mlima.