Baiskeli Moja Hadi Mushasha

Watu wa Butihinda wakiona baiskeli yangu huuliza swali moja: ni ya lami au ya vumbi? Huwa najibu kwamba ni yangu. Wengine hucheka, wengine husema yule mama ana kiburi, na hao wa pili hawajakosea. Kiburi ninacho, na sababu ninazo.

Kwetu jambo hili lina mipaka yake. Anayeshusha ndizi na mkaa kutoka vilimani ana baiskeli nzito, fremu ya chuma na tairi nene. Anayekimbiza lami kati ya Muyinga na Karuzi ana nyepesi, tairi jembamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Ukimwambia mmoja wao kwamba baiskeli moja inaweza kazi zote mbili, atakutazama kama umesema mbuzi wako anataga mayai.

Yangu ilianza maisha ikiwa nzito. Baba aliinunua tukiwa wakimbizi Tanzania. Alikuwa fundi wa baiskeli pale kambini, mimi ndiye mwanawe wa kwanza, na kwa kuwa wadogo zangu walikuwa bado wa kubebwa mgongoni, spana nilishika mimi. Kuendesha nilijifunza kama watoto wote wa kule, mguu mmoja umepita chini ya bomba la fremu, mwili umelala upande. Kwamba msichana haendeshi baiskeli niliambiwa baadaye, nilipofika kwetu, na wakati huo nilikuwa nimeshachelewa kulijua.

Baba alifia huko huko. Amani ilipotulia na zamu yetu ya kurudi ikafika, mama aliacha kitanda, akaacha meza, lakini baiskeli aliipandisha kwenye lori kwa mikono yake. Shangazi akamuuliza ya nini, na wewe hujui kuiendesha? Mama alimjibu kwamba mwenyewe yupo. Mwenyewe nilikuwa mimi, nimekaa juu ya magunia, na sijawahi kupewa urithi mkubwa zaidi ya ule.

Shamba la babu tulilipata, si lote, lakini kipande kizuri chenye mteremko. Mama akapanda migomba. Majirani walituita abahungutse, yaani waliorudi, na waliendelea kutuita hivyo hata migomba ilipozaa na watoto wa migomba wakazaa. Mimi nikafungua kibanda cha ufundi njia panda, na baiskeli ya baba nikaanza kuibadilisha polepole. Sokoni Gasorwe nilipata tairi ambazo si nene wala si nyembamba, katikati laini, pembeni zina meno. Kutoka kwenye baiskeli nyepesi iliyogongwa nilichukua magurudumu ya rimu nyepesi na duara dogo la meno la mbele, linalokusaidia kupanda mlima bila kutoa machozi. Breki nilifunga za kushika pande zote mbili, na soli ya kiatu cha zamani nikaiweka akiba ya kukanyagia gurudumu la nyuma.

Kilichobaki ni upepo. Kwenye lami unajaza mpaka tairi lilie ukiligonga kwa kidole. Kwenye changarawe unatoa kidogo, mpaka kidole gumba kizame. Ni hilo tu. Mvivu wa kupampu ndiye anayehitaji baiskeli mbili.

Haya yote yalikuwa maneno ya kibandani mpaka mdogo wangu wa mwisho alipoolewa Gitega, katika familia ya walimu wa Mushasha. Siku chache baada ya harusi kwetu kuna gutwikurura, siku ya kumfunua bibi harusi. Ndugu zake huenda ukweni na vikapu na pombe ya nyumbani kwao, ili wenyeji wajue binti huyu ametoka wapi. Mkono mtupu haulambwi, na siku ile ndiyo ya kuonyesha mkono.

Baba mkwe akampigia mama simu. Alikuwa mpole, wala sina ubaya naye. Alisema tusijisumbue kubeba pombe kutoka mbali, bia zitanunuliwa pale pale mjini. Kisha akasema, "Tunajua hali yenu." Mama alimshukuru, akaweka simu chini, akakaa mlangoni akitazama migomba yake. Baadaye akasema, "Wanadhani hatuna hata mgomba mmoja."

Tangu hapo ilikuwa vita, ila yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba tunapigana. Alichagua mikungu mwenyewe, akaivundika shimoni. Wanawake wa jirani wakaja kukamua ndizi kwa nyasi, maji yake yakatiwa unga wa mtama, yakafunikwa. Pombe ilipoiva, harufu yake ilifika barabarani, na wapita njia wakawa na salamu nyingi kuliko kawaida.

Gari likatuponza. Mafuta yalikuwa haba siku zile, na dereva pekee aliyekubali kutupeleka alisema atabeba watu, si pombe. Iliwahi kumlowanishia viti, na harufu ikakaa mwezi mzima. Wajomba wakashauri tuwakodi vijana wa ndizi waipeleke. Mama akakataa katakata. Alisema pombe ya mwanawe haitaingia ukweni mgongoni mwa mtu wa kukodi, itabebwa na damu yake. Mimi nikasema nitaibeba kwa baiskeli ya baba. Mjomba mmoja aliniuliza kama nina akili zangu. Mama alikwenda kutafuta kamba.

Niliondoka siku moja kabla yao, madumu mawili yamefungwa kwenye keria, yamefunikwa kitenge kipya. Vifuniko nilivikaza mwenyewe kwa nguvu zangu zote. Ndivyo tulivyolelewa kambini: dumu la maji au la mafuta ukiliacha lidondoshe hata tone, utalisikia tone hilo mpaka siku ya tatu. Nilijisifu kwamba hakuna kitakachomwagika.

Kutoka Butihinda hadi Muyinga ni changarawe na mashimo, na nilikuwa nimepunguza upepo vizuri. Baiskeli ilikwenda kama mtu anayeijua njia ya kwao. Waliokuwa wakitoka shambani waliniamkia, kisha wakasimama kuhakikisha kwamba ni mwanamke. Nilinyoosha mgongo zaidi ili wasipate shida ya kuhakikisha.

Muyinga nilisimama dukani kwa Mwislamu mmoja anayeuza vipuri, ambaye miaka yote huniuzia tyubu na kunitania bure. Ilikuwa Ijumaa, amevaa kanzu nyeupe ya kwenda msikitini. Alizunguka baiskeli yangu mara mbili, akatikisa kichwa.

"We dada, lami iko na velo yake, na vumbi iko na velo yake," alisema. "Kwa nini unajisumbua? Acha hii hapa, mi nakupa ile nyepesi, utaileta ukirudi."

Nilimwambia nataka kufika na hii hii. Akanikumbusha kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Nikamwambia nimesikia, lakini mimi si fisi. Akacheka, akashika pampu ili anijazie upepo wa lami. Ndipo macho yake yakaangukia keria, akarudi nyuma kwa haraka ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri wake.

"Hiyo bido yako iko na mimba," alisema.

Nikafunua kitenge. Madumu yalikuwa yamevimba, mbavu zake zimenyooka. Ile changarawe ilikuwa imeyatikisa asubuhi nzima, na pombe bado ilikuwa ikichemka ndani bila pa kutolea pumzi. Niligusa kifuniko cha kwanza, kikaruka mkononi. Povu likapanda juu ya bati la duka. Kanzu ilinusurika kwa hatua moja tu. Robo nzima ya dumu ilinywewa na vumbi la Muyinga, na mimi nikasimama pale nimelowa, nataka kulia. Si robo ya pombe niliyoiona ikienda. Niliona siku za mama shimoni, na nikasikia ile simu.

Yule mzee hakucheka. Alinionyesha jinsi ya kulegeza dumu la pili kidogo kidogo, huku uso ameugeuza upande. "Mi sikunywaka hiyo kitu," alisema, "lakini nimezaliwa hapa. Pombe inataka kupumua. Nyinyi wa Tanzania munafunga kama petroli." Akamtuma mtu akalete jani kavu la mgomba, nikalisokota na kuziba midomo ya madumu kama wanavyofanya watu waliokulia nyumbani. Upepo alinijazia yeye mwenyewe, mpaka tairi likalia. Hela yangu akaikataa, akasema atapokea habari.

Lami ya kwenda Karuzi ni tamu mpaka milima inapoanza. Kwenye mteremko rimu zile nyepesi ziliimba, na wanaume wawili wa baiskeli nyembamba niliwapita kwa adabu, nikiwapa pole ya kazi. Mlimani mambo yakageuka. Lori lilinipita taratibu, nyuma yake wamening'inia vijana wa ndizi, mkono mmoja kwenye lori na mwingine kwenye usukani, kama desturi yao. Wakanipigia kelele nishike, nafasi ipo. Mikono iliniwasha, nasema kweli. Lakini lori likiyumba, kinachomwagika si mimi peke yangu. Nikashuka, nikaweka bega kwenye tandiko, nikasukuma. Nilisukuma milima yote ile hadi Karuzi, ambako nililala kwa mwanamke tuliyewahi kuwa majirani kambini. Alinikanda miguu kwa maji ya moto na kunisema vibaya kwa upendo.

Siku ya pili nilivuka mto Ruvubu, nikapanda tena, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Gitega. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, lakini nilijiona mwepesi. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe nyumba ya wakwe haiko kwenye lami. Ukipita kanisa na shule za Mushasha, unaiacha barabara na kushuka kinjia chenye mawe, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha.

Juu ya kinjia nilikuta gari letu limesimama, dereva amekataa kushuka. Shangazi zangu walikuwa wakiteremka kwa miguu, viatu mkononi, mishanana yao ya sherehe wameipandisha magotini. Mbele yao mwanamume mmoja wa pale alikuwa amebeba baiskeli yake nyembamba begani. Nikaikumbuka ile nyepesi ya Muyinga. Nilichutama, nikabonyeza valvu, nikausikiliza upepo ukitoka mpaka kidole gumba kikazama. Kisha nikapanda. Nilishuka kinjia kile nimekaa kwenye tandiko, mguu mmoja tayari kwenye soli, matope yanaruka, na shangazi aliyewahi kumuuliza mama baiskeli ya nini akapiga vigelegele kwa sauti ambayo ukweni walidhani bibi harusi ametoka.

Mlangoni nilitafuta kitambaa nifute matope. Mama akanishika mkono. "Acha," alisema. Nikaiegemeza ukutani jinsi ilivyo, vumbi jekundu la Butihinda chini na matope ya Mushasha juu, mbele ya wageni wote.

Tulikaribishwa. Msemaji wetu alitoa hotuba ndefu, wao wakatoa ndefu zaidi, mdogo wangu akafunuliwa, akatabasamu akitutafuta kwa macho. Kisha madumu yakaletwa katikati. Mjomba akaonja kwanza, kama inavyotakiwa, ili waone haina ubaya. Mmoja wa wenyeji akauliza mbona dumu hili halikujaa. Nilitazama chini. Mjomba akajibu kwamba barabara ni ndefu, nayo ilikuwa na kiu. Wakacheka wote, na povu likamiminwa kwenye glasi.

Baba mkwe alikunywa, akatulia, akanywa tena. Aliuliza kwa heshima tumeinunua wapi. Msemaji akafungua kinywa, lakini mama alishamtangulia, akasema ni ya ndizi za shamba letu, la baba wa mume wake. Mzee akauliza imefikaje bila gari. Watu wakanionyesha mimi, kisha baiskeli. Akainuka, akatoka na glasi yake, akainama kuitazama. Akagusa tairi, akagusa matope, akaniuliza nimebadilisha baiskeli ngapi tangu nyumbani.

"Moja tu, mzee," nilimwambia. "Kwenye vumbi hii, kwenye lami hii."

Aligeuka. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, mdogo wa umbo, kitambaa chake cha kichwa kimekaa sawasawa.

"Mzazi mwenzangu," alisema, "uliniambia kwenye simu kwamba mnajua hali yetu. Sasa mnaijua."

Mzee alivua kofia, akaingia ndani, akarudi na glasi nyingine, akamjazia mama kwa mkono wake mwenyewe na kumpa kwa mikono miwili. Mama akanywa akiwa amesimama, mpaka chini. Mimi nikaenda kuuliza nani ana pampu, maana kesho yake ilikuwa lami.